Siku Niliyoizuia Boti ya Basoko kwa Mdomo

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo bado hunirudia asubuhi nikiwa na kikombe cha chai mkononi, hata kama sijaiita. Siku hiyo niliizuia boti ya kwenda Basoko, mji ulio mtoni chini yetu, isitoke. Boti yenyewe haikujua kwamba imezuiwa. Ilipakia watu na magunia yao, ikawasha mashine, ikaenda zake. Niliyemzuia hasa alikuwa mama mmoja aliyeketi nyuma ya baiskeli yangu, na nilimzuia kwa maneno matupu. Nitakueleza ilivyokuwa, ila kwanza nikuambie mimi ni mtu wa namna gani, maana usiponijua utadhani nimekuja kukuhubiria.

Mimi ni mzee wa mazoea. Naamka kabla ya jua, nawapa bata wangu pumba na mabaki ya wali, nachemsha maji na majani ya mchaichai, kisha nafungua redio. Redio yangu ni ya betri, kwa sababu umeme wa hapa Kisangani huja na kuondoka bila kuaga, ingawa maporomoko ya Tshopo yanayouzalisha tunayasikia kutoka nyumbani yakifanya kazi usiku na mchana. Nasikiliza habari za Kifaransa, halafu za Kiswahili, halafu za Kilingala. Mke wangu huuliza kama natarajia habari zibadilike kati ya lugha moja na nyingine. Namjibu kwamba mara nyingine zinabadilika kweli.

Saa nne natembea hadi kwenye karakana ya baiskeli iliyo barabara ya pili kutoka kwetu, na hapo tunacheza dama kwa vizibo vya chupa hadi njaa itufukuze. Mimi nachukua vizibo vilivyolala kifudifudi, mwenzangu anachukua vilivyolala chali. Nashinda zaidi ya ninavyoshindwa. Ukimuuliza mwenzangu atakupa jibu jingine, na wewe huna sababu ya kumuuliza.

Na maoni ninayo, tena mengi. Nafikiri pikipiki zimewafanya watu wa mji huu wawe na haraka wasiyojua ni ya kwenda wapi. Nafikiri wanamuziki wa siku hizi wanataja majina ya matajiri mpaka wimbo unakosa pa kuingia. Nafikiri mifuko ya plastiki tunayoitupa kwenye mifereji ndiyo inayotuletea maji sebuleni mvua ikinyesha, kisha tunailaumu mvua. Nafikiri vita vya mashariki vinaelezwa kwa sauti kubwa zaidi na watu wasiolala karibu navyo, na mimi nimo. Umeona kila mara naanza na neno hilo. Pale karakana wamenibandika jina kabisa, Tonton Nafikiri, yaani Mjomba Nafikiri, na watoto wa mtaa wananiita hivyo bila kujua lilikotoka jina lenyewe. Lilitoka kwenye ile boti.

Wakati huo nilikuwa kijana, na kazi yangu ilikuwa toleka, baiskeli ya kubeba abiria, yenye kiti cha sponji nyuma kilichoshonewa kitambaa. Pikipiki zilikuwa za kuhesabu. Simu zilikuwa zimeanza kuonekana mikononi mwa wafanyabiashara wa Makiso, katikati ya mji, lakini Basoko hazikuwa zimefika, na habari ya kule ilisafiri kwa boti pamoja na samaki wa kukaushwa. Mimi niliifunga redio yangu ndogo kwenye usukani kwa ukanda wa mpira wa tairi, na nilikanyaga pedali huku nikisikiliza. Abiria walinipenda kwa hilo. Wenzangu wa kituo waliniita Journal, yaani taarifa ya habari.

Ungenisikia wakati huo, ungefikiri nimetoka kula chakula na waziri. Redio ilisema kidogo, mimi nikamalizia. Ikisema mkubwa fulani amesafiri, mimi nilisema ametoroka. Ikisema kutakuwa na mkutano kuhusu bei ya unga, mimi nilisema unga umeshapanda, nunueni leo. Mara nyingine nilipatia, na kupatia ndiko kulikoniharibu, kwa sababu watu walianza kuniamini, na mimi mwenyewe nikajiamini kuliko wao.

Sasa, kuna jambo moja la kazi ile ambalo mtu asiyeifanya hawezi kulijua. Ukiendesha toleka huuoni uso wa unayeongea naye. Wewe unaitazama barabara, yeye anautazama mgongo wako. Unaongea na mashimo na mbuzi na wanawake wenye mabeseni, na kutoka nyuma unasikia tu "eeh", "eeh". Mimi kila "eeh" niliihesabu kuwa mtu amekubali. Huenda nyingi zilikuwa za mtaro tulioruka.

Mama Vero alikuwa jirani yetu. Alikuwa anauza lituma, ndizi zilizochemshwa zikapondwa, kando ya barabara kila asubuhi, na mimi alinikatia donge kubwa kuliko la wengine kwa sababu mama yangu na yeye waliimba kwaya moja. Mama yake mzazi alikuwa Basoko, mgonjwa. Siku moja mchuuzi wa samaki alishuka na ujumbe kutoka kwa yule bibi, nao ulikuwa mfupi: mwambieni binti yangu aje.

Basi asubuhi ya boti Mama Vero akaja kituoni kwetu na mfuko wake. Ndani alikuwa na dawa, sukari, sabuni, na kikwembe, yaani kitenge, kipya cha mama yake alichokifunga kwenye gazeti kisichafuke. Alinichagua mimi, ingawa zamu ilikuwa ya mwingine. Nikampandisha, tukashika njia ya Makiso kuelekea bandarini.

Asubuhi hiyo redio ilikuwa imesema kwamba wakubwa wa usafiri wa mtoni wataanza kupima mizigo ya maboti ya mbao. Hayo tu. Mimi nikakanyaga pedali na kufikiri. Wakipima, nikafikiri, watakuta yamepakia kupita kiasi, maana yote yanapakia kupita kiasi. Wakikuta hivyo watayazuia. Na wakiyazuia, yatakaa. Nilipofika kwenye mzunguko wa barabara nilikuwa nimeshamaliza safari yote kichwani, na nikafungua mdomo.

"Mama, uko naenda bure. Maboti haitatoka leo. Bameisimamisha."

"Nani alisema?"

"Iko ku redio. Nilisikia asubuhi hii."

"Hata ya Basoko?"

"Yote, mama. Hata moja haitatoka."

Uso wake sikuuona, nimekwambia kwa nini. Kisha akasema, "Bon. Alors unirudishe. Siwezi kukaa kule siku muzima na muzigo."

Nikageuza baiskeli. Tulipofika kwake alishuka, akajifunga vizuri kanga yake, akanishukuru. Alinishukuru, mwanangu, kwa kumwepushia usumbufu, na mimi nikaondoka nikijiona mtu wa maana.

Haukupita muda mrefu. Saa tano mwenzetu mmoja alirudi kutoka bandarini akiwa na jasho, akatuambia kwamba boti ya Basoko imetoka kwa wakati wake, tena nafasi zilibaki, hata yeye alimpeleka mtu wa mwisho akapata pa kukaa vizuri. Aliitoa kama habari ya kawaida. Mimi nikainama kukaza nati ambayo haikuwa imelegea.

Pale kituoni palikuwa na Papa Bolila. Alikuwa mkubwa wetu, amezeeka kwenye baiskeli, na miguu ilipomchosha akabaki kuziba matairi yetu. Siku hiyo alikuwa na beseni la maji na mpira wa ndani wa tairi, anauzungusha majini polepole kutafuta mahali panapotoa povu. Alikuwa amemwona Mama Vero akiondoka na mfuko, na alikuwa amemwona akirudi. Hakuacha kuzungusha mpira. Aliniuliza tu, bila kuniangalia, "Journal, redio ilisema nini? Sema maneno yake, si yako."

"Ilisema batapima mizigo ya maboti, papa."

"Ilisema leo?"

"Haikusema siku."

"Ilitaja Basoko?"

"Haikutaja."

"Ilisema boti haitatoka?"

"Haikusema hivyo." Wenzangu wote walikuwa wameacha kazi zao wakitutazama.

"Donc ile ingine ilitoka wapi?"

"Ni mimi njo nilifikiri, papa."

Nilijaribu kuruka kwenye baiskeli nikamchukue Mama Vero tuwahi. Papa Bolila aliniambia nisijichoshe, boti ilikuwa imeshapita kona ya mto zamani. Kisha akapangusa mikono, akasimama, akashika usukani wa baiskeli yangu.

"Leo hautapanda hii velo," akasema. "Utaisukuma mpaka kwa Mama Vero. Utasimama mbele yake, utamuangalia ku macho, utamuambia yote. Wewe umezoea kusemesha watu na mugongo. Leo usemeshe mutu na uso."

Nikaisukuma. Si mbali, lakini njia ile sijawahi kuiona ndefu namna ile. Watu waliniuliza kama ni pancha, nikawajibu ndiyo, na huo ulikuwa uongo wangu wa pili kwa siku moja.

Nilimkuta uani anaponda ndizi. Kwa kuwa safari imeshindikana, alikuwa ameamua asipoteze siku. Nikasimama mbele yake, nikamwangalia machoni kama nilivyoagizwa, nikamwambia. Nilimwambia kwamba boti imetoka. Nilimwambia kwamba redio haikusema kitu kile. Mchi ulibaki hewani kidogo, kisha akaulaza kwenye kinu bila kelele.

"Ulisema ulisikia," akasema.

"Nilisema, mama."

"Na haukusikia."

"Sikusikia."

"Boti ingine iko lini?"

"Juma ijayo."

Alinawa mikono, akaingia ndani, akafunga mlango. Hakunitukana. Ningependa anitukane, hata majirani wasikie, kwa sababu baada ya matusi mtu huenda nyumbani kwake. Mimi nilibaki uani na baiskeli, nikiwa na aibu, aibu ya kweli, ile inayofanya mtu asijue mikono yake aiweke wapi.

Juma lililofuata nilimpeleka bandarini. Alikubali kupanda kwangu kwa sababu wenzangu wote, kwa amri ya Papa Bolila, walikataa kumbeba. Redio nilikuwa nimeiacha nyumbani. Bandarini nilibeba mfuko wake hadi alipokaa. Gazeti lililofunga kikwembe lilikuwa lile lile.

Baada ya hapo, kila boti iliyopanda kutoka Basoko ilinikuta nimesimama bandarini. Siku ya kumi na moja alishuka. Alikuwa na mfuko ule ule, na juu yake kile kikwembe, bado kimekunjwa, gazeti limechanika pembeni. Nilisogea mbele, nikasimama anione.

"Nilikuta bameshamuzika," akasema. "Siku mbili mbele ya mimi kufika."

Nilitaka kusema kitu. Akainua mkono kidogo, nikaacha.

"Ile boti yako, ile uliniambia haitatoka, ilifika kule. Mama alikuwa nauliza kila asubuhi kama boti ya Kisangani imefika. Ile siku bakamuambia, imefika. Akaomba bamukalishe ku mulango wa nyumba, kando ya njia ya bandari. Akangojea pale mpaka watu yote bashuke, mpaka ya mwisho apite."

Alisema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayetaja bei ya ndizi. Kisha akaniwekea mfuko juu ya kiti cha baiskeli.

"Nipeleke nyumbani, Journal. Lakini usiniambie habari."

Sikupanda. Mfuko ulikaa kwenye kiti, yeye akatembea upande ule, mimi upande huu, tukavuka Makiso yote mpaka mtaani kwetu Tshopo kwa miguu. Mara kwa mara niliutazama uso wake. Alikuwa anatazama mbele tu.

Kituoni hakuna aliyeniita Journal tena. Papa Bolila hakunipigia kelele zaidi. Aliwafundisha wenzangu swali moja. Kila nilipofungua mdomo kusimulia jambo, hata la mpira wa miguu, walipiga kelele wote pamoja: "Ulisikia ao unafikiri?" Mwanzoni waliuliza kwa ukali. Baadaye ikawa mchezo, abiria nao wakaingia, na nikipita sokoni wauza mihogo walinitupia swali hilo hilo. Nilikasirika kwa miezi. Halafu nikaona ni rahisi zaidi kujibu kabla sijaulizwa, nikaanza kila maoni yangu na neno lile. Ndiyo mazoea yangu mpaka leo, na sasa ulimi umeyazoea kiasi kwamba hata kwa mke wangu nasema nafikiri nina njaa.

Siku hizi hakuna anayehitaji kukaa nyuma ya baiskeli ili kusikia uongo. Juma lililopita kijana mmoja wa uani kwetu alichezesha kwenye simu sauti ya mtu asiyemjua, anayesema soko litafungwa kuanzia kesho yake. Kijana akaituma kwa watu wa familia, kwa watu wa kanisa, kwa watu wa mpira. Kufika mchana wamama walikuwa wanamwaga nyanya zao kwa bei ya kutupa. Kesho yake soko lilifunguliwa kama kawaida. Nilimwuliza yule kijana kama alisikia au alifikiri. Akanijibu kama anavyojibiwa babu, "Nkoko, mi sikusema kitu, nilituma tu." Simu yake ni bora kuliko redio yangu, lakini hata yeye hakuuona uso wa mtu mmoja kati ya wale aliowatumia.

Sikumgombeza. Nilimhadithia haya ninayokuhadithia wewe, naye alisikiliza hadi mwisho bila kugusa simu, jambo ambalo mama yake hakuliamini.

Na Mama Vero yupo. Amekuwa bibi mwenye fimbo, lituma anauza binti yake. Kwa miaka mingi tulisalimiana tu kwa adabu, "mbote mama", "mbote papa", tukapishana. Sikuwahi kumwomba zaidi ya hapo. Lakini mwezi uliopita alikuja mpaka karakana, katikati ya mchezo, akasimama karibu na vizibo vyetu. Mjukuu wake alikuwa na safari ya Basoko. Mmoja alimwambia kwenye simu boti inatoka kesho yake, mwingine akamwambia imeharibika, wa tatu akamwambia imeshatoka.

"Tonton Nafikiri," akaniita, na kwa mara ya kwanza jina hilo lilinipa haya, "boti ya Basoko inatoka kesho?"

Kusema kweli nilikuwa na maoni. Asubuhi ile redio ilikuwa imetaja maji ya mto, na kichwa changu kilikuwa kimeshaanza safari yake. Nikamwangalia usoni.

"Sijui, mama."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa alichokifuata. "Njo maana nimekuja kwako," akasema. "Simama basi, twende tuulize."

Nikaacha mchezo niliokuwa nashinda, mwenzangu ni shahidi hata akikataa. Tukaenda wawili mpaka bandarini, polepole kwa ajili ya fimbo yake, tukamuuliza nahodha mwenyewe, naye akatujibu. Mjukuu aliondoka kesho yake asubuhi. Kile kikwembe, Mama Vero aliniambia njiani, alikiweka miaka yote hii bila kukishona, na sasa amempa yule mjukuu akivae akifika kule, apite nacho mbele ya mlango wa ile nyumba.

Basi nasaha yangu, mwanangu, ni hii, na si ndefu. Kuwa na maoni, hakuna anayekukataza, mimi ninayo mpaka bata wangu wamechoka. Lakini ulichofikiri usikiite ulichosikia, na ulichosikia usikiite ulichoona. Kabla hujamwambia mtu abaki au aende, geuka kwanza umtazame usoni, ujue amebeba nini kwenye mfuko wake na nani anamngojea. Na kama hujui, sema hujui, kisha uende naye kuuliza.

Mungu akupe miaka na masikio ya kuisikilizia. Akupe watu wa kukuuliza "ulisikia ao unafikiri", na moyo wa kutowachukia. Na kila utakakokuwa unangojewa mlangoni, akufikishe wewe mwenyewe, kwa boti ile ya kwanza.